Mzizi wenye njaa hufungua kila mlango: mwongozo wa kulisha udongo ili mboga zisibebe kadimi na risasi

Ukishuka bonde la Msimbazi asubuhi na mapema, utakuta wakulima wameshamwagilia nusu ya vitanda vyao vya mchicha. Maji wanachota mtoni. Mto huo unaanzia vilima vya Pugu, unakatiza jiji la Dar es Salaam, unapokea kila kinachotiririshwa na viwanda, gereji na mitaro ya mitaa, kisha unamwaga baharini karibu na Daraja la Selander. Mboga zinazootea hapo zinalisha nyumba nyingi za jiji, na zimesomesha watoto wengi.

Kule bondeni mama mmoja, baada ya shikamoo na marahaba, aliniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike haya. "Mwanangu, wanasema mchicha wetu una sumu. Mbona umestawi hivi?" Nilimwomba ruhusa nikang'oa shina moja, nikalitikisa udongo, tukaliangalia pamoja. Mzizi mkuu ulikuwa mnene kama kidole cha mtoto, na vijizizi vyeupe vimeshikilia chembe za mchanga kiasi kwamba hata kwa kutikisa havikuziachia. Nikamwambia ukweli: kwa macho hatuwezi kujua. Kiasi cha kadimi, metali yenye sumu kama ilivyo risasi ya kwenye betri, kinachotosha kumdhuru mlaji hakiuguzi mchicha hata kidogo. Majani yanabaki ya kijani na sokoni yanauzika.

Lakini pale kwenye vijizizi vyeupe ndipo mkulima ana nafasi ya kufanya kitu. Metali ngapi inapanda kwenye majani haitegemei tu metali iliyomo ardhini. Inategemea pia mmea umeshiba nini.

Kwanza elewa milango ya mzizi

Mzizi haunywi udongo wote kama sifongo. Ngozi ya seli zake ina vilango vya protini, na kila kilango kimeumbwa kupitisha virutubisho fulani. Tatizo ni kwamba vilango hivi havina macho makali. Kadimi inafanana na zinki, na kwa umbo na chaji inakaribiana na chuma, manganizi na kalsiamu, kwa hiyo inajipenyeza kwenye milango ya ndugu zake hao. Kwenye mpunga, mlango mkuu wa kadimi ni ule ule unaoingiza manganizi. Aseniki, sumu nyingine ya ardhini, ina njia mbili: kwenye udongo mkavu wenye hewa inapita mlango wa fosforasi, na kwenye jaruba lililojaa maji inabadilika umbo na kupita mlango wa silikoni.

Sasa mmea ukikosa chuma, unafanya anachofanya mtu mwenye njaa: unafungua milango zaidi na kuiacha wazi. Chuma chenyewe hakipo, ila kadimi ipo mlangoni, nayo inaingia. Ndiyo maana shamba lenye kadimi kidogo lakini lililochoka kwa kukosa zinki na chuma linaweza kutoa mboga mbaya kuliko shamba lenye kadimi zaidi ila limelishwa vizuri.

Na si mimea tu. Utumbo wa binadamu mwenye upungufu wa chuma mwilini nao hufyonza kadimi zaidi, kwa sababu hiyo hiyo. Mama mjamzito mwenye upungufu wa damu, anayekula mchicha ule ule na jirani yake mwenye damu ya kutosha, anabakiza mwilini kadimi nyingi kuliko jirani. Hili linaniuma, maana tunawahimiza kina mama hao hao wale mboga za majani ili wapate damu. Japani walijifunza kwa gharama kubwa: kando ya mto Jinzu, mkoa wa Toyama, mpunga ulimwagiliwa kwa maji yaliyobeba kadimi kutoka mgodini, na wagonjwa, wengi wao wanawake waliokwisha kuzaa, wakavunjika mifupa kwa maumivu makali. Ugonjwa ukaitwa itai-itai, yaani "inauma, inauma". Serikali yao ilikubali chanzo chake rasmi mwaka 1968.

Hatua ya 1: Jua una metali gani

Hatua hii usiiruke, kwa sababu dawa ya risasi inaweza kuwa chambo cha aseniki. Nitaeleza mbele.

Anza na historia ya kiwanja. Kama palikuwa na gereji, mafundi betri, karakana ya kuchomelea au nyumba ya zamani iliyobanduka rangi, fikiria risasi. Kando ya barabara kuu ya zamani pia fikiria risasi: nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, lakini risasi iliyotua kabla ya hapo bado iko kwenye tabaka la juu la udongo, haiozi wala haiendi mbali. Pale Owino Uhuru, Mombasa, mtaa mzima uliathirika na risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Maji ya viwanda vya ngozi hubeba kromi. Machimbo madogo ya dhahabu huacha zebaki, na mara nyingi aseniki iliyokuwa ndani ya mwamba wenyewe. Mahali pa kuchomea taka panaweza kuwa na mchanganyiko wa zote.

Kisha chukua sampuli. Kwa jembe au koleo safi lisilo na kutu, chimba sentimeta 15 hadi 20 sehemu 10 au 15 ukitembea kwa mshazari kama herufi Z. Changanya kwenye ndoo ya plastiki. Usitumie ndoo ya bati: imepakwa zinki, na zinki hiyo huwa na kadimi kidogo ndani yake, kwa hiyo utapima ndoo badala ya shamba. Anika kivulini, chekecha, funga nusu kilo. Peleka maabara yenye mashine ya kupima metali. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Tanga na idara ya udongo ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro ni mahali pa kuanzia kuulizia, na kwa Kenya, taasisi ya utafiti wa kilimo ya KALRO. Omba vipimo hivi kwa pamoja: pH (kipimo cha uchachu, namba ikiwa ndogo udongo ni mchachu zaidi), mboji, fosforasi, zinki, chuma, kadimi, risasi, na aseniki kama uko maeneo ya migodi. Ukipata metali bila pH na zinki, umepata nusu ya jibu.

Udongo ambao haujachafuliwa kwa kawaida una kadimi isiyofika miligramu 1 kwa kilo. Kwa risasi, kipimo cha kujilinganisha ni hiki: Januari 2024 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilishusha kiwango cha tahadhari kwa viwanja vya makazi kutoka miligramu 400 hadi 200 kwa kilo.

Hatua ya 2: Rekebisha uchachu

Ukiwa na fedha ya jambo moja tu, fanya hili. Udongo ukiwa mchachu, kadimi, zinki, nikeli na risasi zinaachia chembe za udongo na kuingia kwenye maji ambayo mzizi unakunywa. pH ikipanda, zinarudi kushikwa. Lengo lako ni 6.5 hadi 7.

Kama huna kipimo cha maabara, nunua karatasi za pH au kipima kidogo cha mkononi. Changanya sehemu moja ya udongo na sehemu mbili na nusu za maji yaliyochujwa kwa mvuke (wauza maji ya betri wanayo, hakikisha tu si tindikali ya betri), koroga, acha nusu saa, pima maji ya juu.

Kwa kitanda cha mita 1 kwa 10, chokaa ya kilimo kilo 2 ni sawa na tani 2 kwa hekta. Kwenye mchanga mwepesi kama wa Pwani anza na kilo 1 hadi 2. Kwenye mfinyanzi mzito unaweza kuhitaji hadi 4. Tawanya, changanya na udongo hadi kina cha jembe, mwagilia, subiri angalau wiki tatu au nne kabla ya kupanda. Chokaa usiiweke siku moja na samadi mbichi au urea, kwani naitrojeni itapaa hewani na harufu yake utaisikia mwenyewe. Chokaa ya kupakia ukuta ina nguvu zaidi na inaunguza mizizi, kwa hiyo kama ndiyo uliyonayo punguza kiasi na usubiri muda mrefu zaidi. Majivu ya kuni nayo yanapunguza uchachu, ila yawe ya kuni tupu. Majivu ya mbao zenye rangi au ya taka ni risasi unayoimwaga kwa mkono wako.

Wengi huharibu hapa kwa kuzidisha. pH ikipita 7.5, chuma, zinki na manganizi vinafungika. Mchicha utaanza kuonyesha majani machanga ya njano huku mishipa ikibaki ya kijani. Hiyo ni njaa ya chuma, na unajua sasa mzizi wenye njaa hiyo unafanya nini.

Na kama kipimo kilionyesha aseniki, usikimbilie chokaa. Aseniki inaenda kinyume na wenzake: udongo ukiondoka kwenye uchachu, inazidi kuachia.

Hatua ya 3: Angalia mbolea inayochachusha

Unaweza kuweka chokaa mwaka huu na kuitafuna yote kwa mbolea ya kukuzia. Kilo 100 za SA (salfeti ya amonia) zinahitaji takriban kilo 110 za chokaa kuondoa uchachu wake. Kilo 100 za urea zinahitaji karibu 80. Mbolea ya CAN imechanganywa na chokaa tangu kiwandani, uchachu wake ni mdogo sana. Kwenye udongo wenye kadimi ningechagua CAN hata kama mfuko wake unanipa naitrojeni kidogo kwa shilingi ile ile, na SA nisingeigusa.

Watu huniuliza, je, salfa iliyomo kwenye SA? Ni kweli mmea unaihitaji: kwa salfa hutengeneza vijinyororo vinavyoikamata kadimi na kuifungia ndani ya mizizi isipande juu. Lakini salfa unaweza kuipata kwenye jasi, ambayo inachimbwa hapa hapa nchini, Makanya kwa mfano, na haichachushi. Juu ya hapo inaongeza kalsiamu.

Hatua ya 4: Shibisha mzizi kwa zinki

Zinki ndiye mshindani mkubwa wa kadimi. Zote mbili zinagombania mlango mmoja, na ukiongeza idadi ya zinki foleni ya kadimi inasukumwa nyuma. Faida hii inaonekana zaidi pale udongo ulipokuwa na upungufu, na mashamba yetu mengi ya mchanga yana upungufu huo.

Dalili za kukosa zinki: majani machanga madogo kuliko kawaida, pingili fupi, mmea umejikunyata. Kwenye mahindi utaona mstari mweupe kila upande wa mshipa mkuu wa jani, karibu na shina.

Kiasi: kilo 5 za zinki kwa hekta zinatosha kuanzia. Salfeti ya zinki ya kawaida, ile ya fuwele, ina zinki karibu asilimia 21, kwa hiyo kitanda cha mita 10 za mraba kinahitaji gramu 24 hivi. Gramu hizo ni ngumu kutawanya sawasawa. Zichanganye na ndoo ya mboji kavu au mchanga kwanza. Rudia baada ya msimu kadhaa, si kila mkupuo. Kama mboga imeshaota na imeonyesha njaa, yeyusha gramu 50 kwenye lita 10 za maji pamoja na gramu 25 za chokaa laini, nyunyizia jioni. Nunua kwa muuzaji anayeaminika na yenye lebo ya uchambuzi, sababu salfeti ya zinki chafu, iliyotokana na mabaki ya viwanda, yenyewe hubeba kadimi. Ungekuwa unafukuza mwizi kwa kumleta kaka yake.

Na kama maabara imekuambia zinki tayari ni nyingi, jambo la kawaida karibu na viwanda vya mabati, acha hatua hii kabisa.

Hatua ya 5: Fosforasi, kwa kipimo

Kwa risasi, fosforasi ni rafiki. Ikikutana na risasi kwenye udongo inaunda jiwe gumu lisiloyeyuka kirahisi, na risasi ya hivyo haiingii sana mzizini, hata ikimezwa na mtoto kwa bahati mbaya inafyonzwa kidogo. Mbolea ya TSP, fosfeti ya Minjingu na samadi iliyoiva zote zinachangia.

Kwa aseniki, fosforasi ina sura mbili. Inagombania nayo mlango, hilo ni zuri. Lakini pia inaisukuma itoke kwenye chembe za udongo iingie majini. Shambani, sura ya pili mara nyingi ndiyo inayoshinda. Ndiyo sababu nilisisitiza kupima kwanza.

Kwa kadimi, ukizidisha fosforasi unaifanya zinki ipungue kwenye mmea, na tunarudi kule kule kwa njaa. Weka kulingana na kipimo, basi.

Mbolea zenyewe za fosfeti huwa na kadimi, kutegemea mwamba ulikochimbwa. Miamba iliyotokana na moto wa ardhini, kama ya Phalaborwa Afrika Kusini, ina kidogo sana. Baadhi ya miamba iliyotokana na mashapo ya bahari ina zaidi. Umoja wa Ulaya tangu Julai 2022 unaruhusu isizidi miligramu 60 kwa kila kilo ya fosfeti iliyomo. Tufanye hesabu: mfuko wa mbolea ya DAP wa kilo 50 una fosfeti kilo 23, kwa hiyo mfuko uliofika mpakani kabisa mwa kiwango hicho ungekuwa na kadimi gramu 1.4. Ukiigawa kwenye udongo wa juu wa hekta nzima ni punje isiyoonekana. Usiikimbie mbolea kwa hofu hiyo. Ila kwenye kitanda kidogo kinachopewa DAP kila mkupuo, mara 8 au 10 kwa mwaka, kwa miaka 20, punje zinajumlishika.

Hatua ya 6: Chumvi

Hili ni letu sisi watu wa Pwani. Kloridi, ile iliyomo kwenye chumvi, inashikana na kadimi na kuiweka majini isishikwe na udongo, na mmea unaifyonza kirahisi zaidi. Australia waliligundua kwenye viazi vilivyomwagiliwa maji ya chumvi. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvichumvi, na sehemu za chini za bonde bahari inaingia wakati wa maji kujaa. Kama maji yako yana ladha ya chumvi, usiyatumie kwenye udongo wenye kadimi, na potasiamu yako iwe ya salfeti badala ya MOP (kloridi ya potasiamu), maana MOP ni kloridi karibu nusu yake.

Hatua ya 7: Mboji, na unga wa mkaa

Samadi iliyoiva vizuri kilo 20 kwa kitanda cha mita 10 za mraba inashika metali, inalisha zinki na chuma polepole, na inazuia pH kuyumba. Ya kuku iwe nusu yake. Vumbi la mkaa linalobaki magunia yakiisha nalo hushika kadimi na risasi. Lisage, liloweshe ndani ya mboji wiki mbili, changanya. Uchafu wa mashimo ya maji taka ya mjini usiuweke kamwe, hata ukiwa umekauka na hauna harufu.

Wakulima wa mpunga waongeze majivu ya pumba kwa ajili ya silikoni, ambayo inashindana na aseniki, mradi pumba zitoke shamba safi. Na wajue kwamba jaruba likikaa na maji kadimi inajificha lakini aseniki inaachia. Likikauka ni kinyume.

Hatua ya 8: Chagua zao, na osha

Metali hupungua kadri inavyopanda: nyingi hubaki mzizini, kiasi huenda kwenye majani, kidogo hufika kwenye tunda na mbegu. Mchicha, spinachi na figili ni wabebaji wazuri wa kadimi. Bamia, maharage na kunde za kuvuna mbegu, au mahindi, vinabeba kidogo zaidi. Kama vipimo viko katikati, badili zao kabla ya kuhama shamba.

Risasi ni tofauti kidogo, haipandi sana kupitia mzizi. Nyingi iliyoko kwenye mchicha ni vumbi na matope yaliyorukia majani mvua iliponyesha au keni ilipomwagwa kwa nguvu. Funika udongo kwa nyasi kavu, mwagilia chini ya majani, na osha mboga kwa maji safi mara tatu. Kuosha kwa maji ya mto ule ule hakusaidii. Kadimi haioshwi, iko ndani ya jani.

Kama udongo umezidi mno, hakuna kirutubisho kitakachouokoa. Jaza viroba au kitanda cha kuinuliwa kwa udongo safi, kina cha sentimeta 30 au zaidi, chini ukitandika turubai lenye matundu ya kupitisha maji. Na kama maji ndiyo yanayoleta sumu kila asubuhi, shughulikia maji kwanza, maana unachokitengeneza mchana kinaharibiwa kesho yake na ndoo mbili.

Hatua ya 9: Pima mboga yenyewe

Viwango vya Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa mboga za majani ni miligramu 0.2 za kadimi na 0.3 za risasi kwa kilo ya mboga mbichi. Maabara nyingi huandika matokeo kwa uzito mkavu, na watu wameshaogopeshana bure kwa kutolijua hilo, wengine wametulizwa bure. Mchicha ni maji karibu asilimia 90. Jibu la miligramu 3 kavu ni kama 0.3 mbichi, yaani kadimi imepita kiwango. Jibu la 1 kavu ni kama 0.1, limo ndani. Omba maabara wakuandikie na asilimia ya maji.

Yule mama tulimpangia hivi. Vitanda viwili vilivyo jirani: kimoja aendelee kama alivyozoea, kingine apate chokaa, samadi, zinki na CAN. Mbegu ya kopo moja, zimwagwe siku moja, maji ya kisima kimoja, zivunwe siku moja. Majani ya kila kitanda yaoshwe na kufungwa kwenye karatasi yake, jina la kitanda na tarehe viandikwe kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu unachuja majani yakiwa na unyevu.